Kichwa Kinapomwuma Mama Mja Mzito

Kuna ugonjwa mmoja ambao jina lake tu limekwisha kuleta madhara makubwa. Twauita kifafa cha mimba. Kwa kuwa tumeuita kifafa, wengi wetu hudhani kuwa ni kifafa kile kile tukijuacho. Na kwa kuwa kifafa kile tangu zamani kimesingiziwa mashetani na uchawi, mama mja mzito aanzapo kutetemeka na kukaza meno, wazee huketi kuulizana ni nani aliyemloga. Wao wakimtafuta mchawi, saa zinakwenda, na katika ugonjwa huu saa ndizo uhai wenyewe.

Leo twapenda kusema juu ya jambo hili na ndugu zetu wa Karagwe na Kyerwa. Wilaya hizi mbili zilikuwa moja hadi mwaka 2012, na katika sensa ya mwaka huo kila moja ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya laki tatu. Ni nchi ya vilima na migomba, ambamo nyumba zimejitenga kila moja katika shamba lake, na mtu wa Bugomora au wa Bweranyange akiugua usiku hana gari lililomngojea mlangoni.

Kifafa cha mimba si kifafa. Ni maradhi ya presha ya damu yaletwayo na mimba yenyewe, na chanzo chake kimo katika kondo la nyuma. Kwa kawaida huanza baada ya wiki 20 za mimba, na huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza, wenye mapacha, na wale waliokwisha kuugua presha au kisukari. Kabla ya degedege mara nyingi hutangulia dalili: kichwa kuuma kwa nguvu, macho kuona giza au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu. Lakini wapo akina mama wasiosikia lolote. Mama huyo anapalilia maharage leo akiwa mzima machoni pa watu wote, kumbe damu yake imekwisha kupanda. Hapo hakuna jicho la mkunga wala la mama mkwe liwezalo kumwokoa. Iwezayo ni mashine ya kupimia presha. Ikionyesha 140 kwa 90 au zaidi, na mkojo ukionekana una protini, basi huyo ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari, hata kama anacheka.

Dawa ipo, wala si mpya wala si ghali. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, na ikaonekana kuwa sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Sindano hiyo huzuia degedege tu. Kinachoanza kuuondoa ugonjwa wenyewe ni kuzaa, na ndiyo sababu madaktari huweza kuamua mtoto atolewe kabla ya siku zake. Na jamaa wasidhani kuwa mtoto akishalia hatari imekwisha, maana degedege huweza kumshika mzazi hata siku kadhaa baada ya kujifungua.

Sasa tutazame nyumbani. Kichwa kinamwuma mama tangu asubuhi. Anaambiwa ni jua la shambani, alale. Jioni anaona giza. Mume yuko mnadani. Mama mkwe hawezi kuamua peke yake. Shemeji anasema tungoje kupambazuke. Mume akirudi, swali la kwanza ni fedha. Kama kahawa bado ni mbichi mtini, huenda akabisha hodi kwa mnunuzi wa butura, akauza kwa bei ya kutupa matunda ambayo hayajaiva, ili apate fedha za pikipiki. Watu wa Kagera hawahitaji kuelezwa butura ni nini. Tumeilaumu miaka mingi kuwa ni unyonyaji, na ni unyonyaji kweli. Lakini ni haki kukumbuka kuwa si kila auzaye butura ni mlevi au mvivu. Wengine waliuza kwa sababu mke alikuwa akifa.

Mimba si ajali ya barabarani hata itushtue. Mume anajua miezi mingi mbele kuwa siku hiyo inakuja. Fedha za mavuno atengazo kwa ajili ya bati na harusi zikitengwa kidogo kwa ajili ya mzazi, yule mnunuzi hatapata mlango wa kubishia. Tena ruhusa ya kwenda hospitali itolewe mapema, mbele ya jamaa wote, ili mama akiona giza saa nane ya usiku asingojee kikao cha mtu yeyote.

Wala si kweli kuwa wilaya hizi hazina pa kukimbilia. Karagwe ina hospitali za Nyakahanga na Nyakaiga, Kyerwa ina ya Isingiro, na vipo vituo vya afya vya Serikali. Upo pia mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022: mtu hupiga simu namba 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa liko mbali huitwa dereva wa huko huko aliyeandikishwa, naye hulipwa na mpango wenyewe. Namba hiyo ingefaa kuandikwa kwa chokaa juu ya kila mlango wenye mja mzito ndani.

Twakiri kuwa taifa limepiga hatua. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104, na watoto 81 katika kila 100 walizaliwa katika vituo vya tiba. Ni habari ya kushukuru. Lakini wastani wa taifa hauishi Murongo. Hao 19 waliosalia walizaliwa mahali fulani, na tunaogopa kuwa ni mahali penye vilima na matope ya masika.

Tumesema zaidi juu ya presha, lakini malaria na upungufu wa damu navyo huwadhoofisha waja wazito, na kutoka damu nyingi baada ya kuzaa huua upesi kuliko yote. Hata hapo maarifa yameongezeka. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania: mzazi akiwekewa chini yake mfuko wenye alama za kupimia damu, na tiba zote zikatolewa pamoja mara damu inapozidi, hatari ya kutoka damu nyingi mno na madhara yake hupungua kwa asilimia 60. Ni mfuko wa plastiki tu, na watu waliofundishwa kuutumia.

Basi wanakijiji tumewapa sehemu yao, lakini haitakuwa haki kumwambia mama atembee maili nyingi kwenda zahanati, kisha afike akute hakuna cha kumpimia. Twawauliza madiwani wa Karagwe na Kyerwa, mmoja mmoja, na tungependa wajibu hadharani katika vikao vyao vya halmashauri: katika zahanati za kata yako, mashine ya presha iko wapi, inafanya kazi, vijiti vya kupimia mkojo viliisha lini, na ile sindano ya magnesiamu salfeti imo kabatini usiku huu?