Bima ya nyumba Bunda: Ng'ombe yumo, tembo hayumo

MSIMU wa ununuzi wa pamba unapokaribia, wilayani Bunda fedha huanza kupangiwa matumizi kabla hazijafika mkononi. Yupo anayewaza kupandisha ukuta wa nyumba aliouacha mwaka jana, yupo anayetaka kuezeka upya, na yupo anayetafuta pikapu au Noah iliyotumika ili siku za wiki ibebe mizigo na Jumapili ipeleke familia kanisani. Ni katika siku hizo ambapo sisi tunaozunguka vijijini kwa kazi za uchumi wa kilimo huulizwa maswali yasiyohusu mbolea wala bei ya pamba. Huwa ni maswali ya bima.

Nimeyasikia kwa muda mrefu kiasi cha kutokubaliana na wale wanaosema Watanzania wa vijijini hawana mwamko wa bima. Watu wa Bunda wanalipa. Tatizo ni kwamba wengi wao wananunua stika ya kumridhisha askari wa usalama barabarani, na mkataba wenyewe hawajauona. Wachache waliouona wamekuta umeandikwa kwa Kiingereza ambacho hata mimi niliyesoma chuo kikuu hulazimika kurudia sentensi mara tatu. Na kwa upande wa pili, waliotunga maneno yale hawakuwa wakiifikiria Bunda hata kidogo.

Tuanze na gari, maana ndiko wengi wanakoanzia.

Shemeji yangu ana pikapu. Miaka michache iliyopita alikuwa anatoka Lamadi usiku kuja Bunda. Wanaoijua barabara ile ya Mwanza hadi Musoma wanajua kwamba kipande hicho kina Hifadhi ya Serengeti upande mmoja na Ziwa Victoria upande wa pili, na wakati wa kiangazi wanyama huvuka lami kwenda kunywa maji Ghuba ya Speke. Akamgonga pundamilia. Yeye alitoka salama, lakini mbele ya gari ilibomoka, taa zote na rejeta vikaenda. Kesho yake alinijia na karatasi zake mkononi. "Shemeji, bima ninayo na haijaisha. Watanilipa lini?"

Nilimjibu kwamba hawatamlipa. Alichokuwa nacho ni ile tunayoiita bima ndogo. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto barabarani kuwa na bima ya madhara atakayowasababishia watu wengine. Kwa gari dogo la binafsi bima hiyo imekuwa kwa miaka mingi Sh118,000 kwa mwaka pamoja na kodi. Ukimgonga mwenda kwa miguu, ndiyo itakayokukinga. Gari lako mwenyewe halimo, na pundamilia hana bima ya kukulipa wewe.

Kinacholipia gari lako ni bima kubwa. Hii hutazama ajali, moto na wizi, na kumgonga mnyama barabarani kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni ajali. Kiwango cha chini kilichozoeleka kwa gari la binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani yake, kabla ya kodi. Gari la Sh milioni 12 linakuwa na ada ya Sh420,000, na kodi juu yake. Ni fedha nyingi kwa mkulima, sikatai. Hata hivyo, anayenunua pikapu kwa mauzo ya pamba ya misimu mitatu na kuikatia bima ndogo tu, ajue kwamba misimu yote mitatu iko barabarani bila kinga. Na hata katika bima kubwa ipo sehemu ya mwanzo ya hasara ambayo mwenye gari hubeba mwenyewe. Uliza ni kiasi gani kabla ya kulipa.

Swali la pili la shemeji lilinitia wasiwasi zaidi kuliko la kwanza. Alitaka kujua kama angekuwa na bima kubwa angelipwa. Nikamuuliza kwenye fomu aliandika gari ni la matumizi gani. "Binafsi," akasema, "wakala alisema hiyo ndiyo nafuu." Lakini usiku ule alikuwa amebeba mzigo wa mtu kwa malipo. Hapo kampuni ingekuwa na sababu ya kukataa dai. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa yale uliyojaza kwenye fomu. Gari lililoandikwa la binafsi, halafu likakutwa na abiria waliolipa nauli au magunia ya jirani yaliyolipiwa, limekwisha kutoka nje ya mkataba. Wenye Probox na Noah zinazopakia abiria kwenda Kibara au Mugeta walitazame hili kabla ya jingine lolote. Wakala akikushauri uandike binafsi ili kupunguza ada, mwambie akuandikie ushauri huo kwenye karatasi na kuusaini. Utaona namna atakavyobadilika.

Wanaonunua gari mkononi huuliza kama bima ya mwenye gari wa kwanza inawafaa hadi iishe. Mkataba ule ni kati ya kampuni na mtu aliyekuuzia, hivyo nenda na hati ya mauziano ukabadilishiwe jina. Na kwa kuwa stika siku hizi ni ya kielektroniki, namba ya gari inaweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Ifanye kazi hiyo wewe mwenyewe kwenye simu yako kabla trafiki hajakufanyia.

Sasa tuje kwenye nyumba, ambako nadhani ndiko Bunda inakopata hasara kubwa bila kujua.

Bima ya nyumba ya kawaida huanzia kwenye moto na radi. Upepo, mafuriko, tetemeko na mengine huongezwa juu yake kwa ada ya ziada. Katika maandishi yenye asili ya Uingereza ambayo makampuni mengi ya Afrika Mashariki yaliyarithi, kuna kifungu cha nyumba kugongwa. Kinataja magari ya barabarani, farasi na ng'ombe. Nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Farasi! Nimezunguka vijiji vingi vya wilaya hii na sijaona farasi akigonga nyumba ya mtu. Waliokwisha kubomoa kuta ni tembo.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kudhani natania. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, kama vile Hunyari na Kunzugu, tembo hufuata mazao shambani, na mavuno yakishaingizwa ndani hufuata harufu ya mahindi hadi kwenye nyumba. Ukuta wa tofali za kuchoma haumzuii. Familia hukimbia usiku, na asubuhi hukuta ukuta chini, bati limepinda na gunia limetawanywa. Je, bima ya nyumba inalipa? Kama mkataba umetaja farasi na ng'ombe peke yao, kampuni inayo njia ya kusema kwamba tembo hayumo. Sisemi kila kampuni itakataa, wala kila mkataba una maneno hayo. Ninachosema ni kwamba jibu lazima lipatikane kwa maandishi, kwenye kiambatanisho cha mkataba, kabla tembo hajafika. Neno la mdomo la wakala halitasaidia mbele ya mkadiriaji wa hasara.

Wapo wanaojibu kwamba serikali inalipa. Hapa tuwe makini. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 zilitungwa kanuni mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi. Majina yenyewe yanaeleza kilichokusudiwa. Serikali haikusema itakurudishia thamani ya kilichopotea, ilisema itakufuta jasho. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya maisha ya watu, mazao na mifugo. Mwenye nyumba ya Sh milioni 15 iliyobomolewa asiweke matumaini yake yote hapo.

Jambo jingine ni thamani. Hapa nitajitaja mwenyewe, maana kosa lilikuwa langu. Nilipoikatia bima nyumba ya mama, gharama ya kuijenga upya ilikuwa kama Sh milioni 40. Nikaandika Sh milioni 20 ili ada ipungue, na wakala hakunizuia. Upepo wa masika ukang'oa sehemu ya paa, matengenezo yakawa Sh milioni 6. Nilitarajia milioni 6, maana bado ilikuwa chini ya zile 20. Nikaambiwa kwamba kwa kuwa niliikatia bima nusu ya nyumba, nitalipwa nusu ya hasara, yaani Sh milioni 3, na bado ikakatwa sehemu yangu ya mwanzo. Mkataba ulikuwa unasema hivyo, ukurasa wa nne. Niliyefundishwa uchumi kwa fedha za umma sikuwa nimefika ukurasa wa nne.

Kwa hiyo andika gharama ya kujenga upya kwa bei za leo za saruji, bati na fundi. Kiwanja kisihesabiwe, kwa sababu ardhi haiungui. Na kila baada ya mwaka au miwili itazame tena thamani hiyo, kwani bei ya bati ya mwaka uliokatia bima haitakuwa ile ya mwaka wa kuezeka upya.

Kisha kuna pamba. Ni desturi yetu kuihifadhi chumbani au sebuleni ikisubiri soko, wakati mwingine na taa ya mafuta pembeni. Bima ya nyumba ya kuishi hutazama nyumba, na vyombo vya ndani kama umevilipia. Mazao yanayongoja kuuzwa ni mali ya biashara, na kwa kawaida huhitaji bima yake. Zaidi ya hapo, kampuni ikigundua kwamba nyumba iliyoandikwa ya makazi ilikuwa ghala wakati wa moto, inaweza kuhoji hata malipo ya nyumba yenyewe. Mkulima aeleze mapema kwamba kuanzia mavuno hadi soko lifungwe atakuwa na pamba ndani. Ada ikiongezeka, ajue anachokilipia.

Wengine huniambia hawana haja ya yote hayo kwa kuwa walikopa benki na wakakatwa bima. Waombe benki nakala. Mara nyingi bima hiyo ni ya maisha ya mkopaji. Akifa, deni linalipwa. Nyumba ikiungua naye yu hai, deni linabaki palepale. Na hata pale benki inapodai nyumba ya dhamana ikatiwe bima ya moto, fidia huanza kwa kumaliza deni la benki, wewe unapata kinachobaki.

Kwa wakazi wa mwambao niseme kidogo tu. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda na kuingia katika makazi ya watu wengi kandokando yake. Mafuriko ya mvua na ziwa linalopanda polepole kwa miezi vinaweza kutazamwa tofauti kwenye mkataba. Ulizeni mapema.

Hasara ikitokea, toa taarifa polisi na kwa kampuni mara moja, piga picha, na usitengeneze chochote kabla mkadiriaji hajafika, isipokuwa kile cha kuzuia hasara isizidi. Ukinyimwa malipo, dai sababu kwa maandishi. TIRA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ili mwananchi asilazimike kukimbilia mahakamani.

Lakini si haki mzigo wote tumtwishe mkulima. Wazee wetu walilijua Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, na kuanzia 1967 bima ilikuwa mikononi mwa taifa. Mwaka 1996 sheria ilifungua mlango kwa makampuni binafsi, na tuliahidiwa ushindani. Ushindani nilioushuhudia mimi ni wa nani atauza stika haraka zaidi. Sijaona kampuni iliyoweka bango Bunda mjini ikisema nyumba iliyobomolewa na tembo italipwa kiasi hiki kwa ada hii. Hasara hiyo inahesabika. Maofisa wa wanyamapori na serikali za vijiji hupokea taarifa za matukio, hivyo kampuni yenye nia haitakosa pa kuanzia hesabu za ada. TIRA nayo ingeweza kudai kwamba mkataba unaouzwa kwa mkulima uwe na muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja, unaotaja yaliyomo na yasiyokuwamo. Bila hivyo, semina za uhamasishaji zitaendelea kuwahimiza watu walipie wasichokielewa.

Shemeji alitengeneza pikapu kwa fedha za pamba ya msimu mzima. Sasa ana bima kubwa, na kwenye fomu ameandika biashara. Wiki iliyopita alinijia tena, safari hii kwa ajili ya nyumba ya baba yake iliyoko Hunyari. Tumemwandikia wakala barua ya Kiswahili, mistari minne, tukiuliza kama tembo yumo, na kama hayumo ataingizwa kwa ada gani. Tumeomba ajibu kwa maandishi na kwa mhuri.