Kuchunguza, Kupiga Msasa au Kuchuja?

Mojawapo ya maneno ya Kiingereza yanayomtatiza mfasiri ni "screening". Filamu ikionyeshwa ukumbini, neno ni hilo. Mwanamke akipimwa saratani ya mlango wa uzazi kabla ya kuona dalili, kokoto zikipitishwa katika chekeche, raia akihojiwa ili ithibitike kwamba ni raia, neno ni lilo hilo. Kiswahili hutenganisha dhana hizi: maonyesho, uchunguzi, kuchekecha. Kwenye ile ya nne ndipo kinaposita.

Huko Garissa na kote Kaskazini Mashariki, maana hiyo ya nne ndiyo iliyotangulia masikioni. Mnamo Novemba 1989, serikali iliamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali waliotimiza miaka 18 wajiandikishe na kuhojiwa. Waliokubaliwa walipewa kadi ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Hata wakati huo neno halikuwa geni nchini. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, wakoloni walilitumia walipowahoji Wagikuyu, Waembu na Wameru.

Vyombo vya habari vya Kenya vimezoea kusema "kupigwa msasa". Waziri mteule anapohojiwa bungeni, sitiari hiyo huenda ikafaa. Hata hivyo, fundi hupiga msasa ubao aliokwisha kuukubali; nia yake ni kuulainisha, si kuutupa. Nalo neno "uchunguzi" huazima heshima ya daktari, ambaye huchunguza ili atibu. Kijana anayetakiwa kuthibitisha uraia ambao jirani yake wa mkoa mwingine hadaiwi ushahidi wake, halainishwi wala hatibiwi. Anachujwa. Kila chujio lina machicha yake, na anayekubali kusema "kuchuja raia" hana budi kueleza ni nani wanaobaki chujioni, na kwa kosa gani.

Wapo watakaodai kwamba "kuchuja" ni neno kali, lisilofaa nyaraka rasmi. Hoja hiyo ingekuwa na mashiko kama "msasa" lingekuwa neno lisilopendelea upande. Ukweli ni kwamba linampendelea anayeushika msasa.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa mahojiano ya ziada kwa waombaji vitambulisho wa kaunti za mpakani. Amri hufuta utaratibu, haifuti kumbukumbu iliyomo katika neno. Ndiyo maana mhudumu wa afya wa Garissa anayewaalika akina mama ni heri aseme "kupimwa mapema", asiliazime neno la Kiingereza lililokwisha kuwatisha wazee wao.

Mfasiri chipukizi, basi, asikimbilie kamusi kabla ya kujiuliza maswali matatu: nani anatenda, nani anatendwa, na asiyepita hupatwa na nini? Jibu la swali la tatu ndilo litakalomchagulia neno.