Mkono Kufa Ganzi Si Uanaume

Acheni kuambia vijana wa mashimo ya dhahabu kwamba mkono kufa ganzi ni "kuzoea kazi." Hakuna kuzoea hapo. Ni neva zinaharibika.

Drili ya kupasua mwamba inatetema, na ule mtetemo ukirudiwa siku baada ya siku unaumiza neva na mishipa midogo ya damu ya vidole. Inaanza kama sindano zinakudunga usiku. Halafu kikombe kinakuponyoka, kufunga kifungo cha shati inakuwa kibarua. Ukiacha mapema unaweza kupata nafuu. Ukikawia, neva hazirudi. Binamu yangu huko Nyatike siku hizi anaangalia mkono wake kwanza ndio ajue kama ameshika simu.

Na usiniambie ni ugonjwa mpya. Mwaka wa 1918 daktari Alice Hamilton alienda Bedford, Indiana, Marekani, akakuta wachonga mawe vidole vimekuwa vyeupe na ganzi. Uingereza iliuweka kwenye orodha ya magonjwa ya kazini yanayolipiwa mwaka wa 1985. Lakini vidole huwa vyeupe kukiwa na baridi. Sasa na joto la Macalder, nani ataona weupe? Huku unabaki na ganzi tu, na ganzi haionekani. Ndio maana bosi anakuangalia usoni anasema unajifanya.

Hiyo WIBA, sheria ya fidia ya 2007, inamlinda mtu aliyeajiriwa. Kijana anayelipwa kwa mgao wa mawe, bila karatasi yoyote, ataonyesha nini? Mwenye shamba ana fungu lake, mwenye shimo lake, mwenye mashine lake. Mkono uliokufa ni fungu la nani?

Wasee wa Homa Bay, msicheke. Fundi wa mageti anayeshika grainda tangu asubuhi yuko kwa laini hiyo hiyo. Na glavu za kawaida hazizuii mtetemo, zinazuia malengelenge tu (samahani kwa wauzaji). Kinachosaidia ni kupunguza saa za kushika mashine, na kuitunza isitetemeke ovyo.

Kwa hivyo kila drili iwe na watu wawili wa kupokezana, na malipo yasikatwe. Mwenye mashine akisema hawezi, aishike mwenyewe wiki nzima. Jumapili tutamwona akifunga vifungo vya shati ya kanisa.