Msimtafute Mungu kwenye Mapengo

Kila sayansi inapogundua kitu kidogo ndani ya seli, kuna anayenyanyua sauti: mmeona? Hiki hakiwezi kujitokea, lazima yuko aliyekitengeneza! Mwaka 2024 Victor Ambros na Gary Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua mikroRNA, vijinyuzi vya herufi 22 hivi vinavyotuliza kazi ya jeni. Hoja ikapata mafuta mapya.

Basi ileteni Mkata. Huku, kama Korogwe, malaria si habari ya kitabuni. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja ana kinga dhidi ya malaria kali. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wakaona sehemu ya siri yake: mikroRNA za chembe nyekundu za mtu huyo huingia ndani ya kimelea cha malaria na kukizuia kukua.

Ajabu kweli. Hubirini hapo, mtaitikiwa "Amina". Lakini malizeni hesabu. Wazazi wawili wenye kinga hiyo wakizaa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto aliyerithi jeni hiyo pande zote mbili: mtoto wa maumivu ya mifupa, wa kuongezewa damu, wa kulazwa. Jeni ni ile ile. Anayesema kinga ni saini ya Muumba, amweleze mama wa mtoto huyu saini ya kwake ni ya nani. Wengi hukwepa hapo. Ugonjwa hupewa jina la laana au pepo, na mama anaongezewa lawama juu ya uchungu.

Uteuzi asilia unaeleza pande zote mbili bila kumshitaki mtu: penye malaria, jeni iliyookoa wengi ilibaki, ingawa inaua wachache.

Wala wasioamini wasishangilie. MikroRNA haijasema Mungu hayupo, haikuulizwa. Mtu anaweza kuswali au kwenda kanisani, kisha akapima damu kabla ya ndoa. Ila imani iliyojengwa juu ya yale ambayo sayansi haijayajua itahamahama kama mpangaji asiyelipa kodi.

Mungu hahitaji molekuli imtolee ushahidi. Mtoto mwenye selimundu ndiye mwenye mahitaji: kipimo cha mapema, haidroksiyurea, na watu wazima wasiomwita laana.