Kuruka Mara Mia Si Kujua Kuruka

Imani iliyoota mizizi katika viwanja vya shule, Segese kama kwingineko mkoani Shinyanga, ni kwamba mtoto hujua kuruka kwa kurudia mruko uleule, mahali palepale, hadi pumzi imwishie. Imani hiyo ina sura ya bidii, ndiyo maana ni vigumu kuikosoa; hata hivyo ni potofu.

Chimbuko lake mojawapo ni halaiki, yaani maonyesho ya viungo ambayo mamia ya watoto huyafanya kwa pamoja katika sherehe za kitaifa, ambako sifa kuu ni kufanana. Jimnastiki ya midundo, mchezo ulioingia Olimpiki mwaka 1984 na ambao msichana huucheza kwa muziki akiwa na pete, mpira, virungu au utepe kwenye zulia la mita 13 kwa 13, hudai jambo jingine: mruko wa msamba, ambao mchezaji hupaa miguu ikiwa imepasuka mbele na nyuma, huweza kuanza kwa hatua hizi au zile, macho yakiwa juu kwenye chombo kilichorushwa. Anayeurudia mikono mitupu amejifunza nusu yake.

Mwaka 1978 watafiti Kerr na Booth waliwapa watoto wa miaka 8 vifuko vya kurusha kwenye shabaha, na waliojizoeza kwa umbali wa futi 2 na 4 wakawashinda, katika futi 3, wenzao waliojizoeza kwa futi hizohizo 3. Kurusha si kuruka, na jaribio moja halimalizi ubishi, lakini linatikisa dai kwamba kukariri ndiyo njia pekee.

Wala zulia halihitajiki ili kubadilisha mazoezi; kamba ya kuruka yatosha. Kamba ikizungushwa polepole, mrukaji hukunja magoti na kusubiri. Ikienda kasi, huruka kwa vifundo tu. Ikikazwa usawa wa goti, kisha wa kiuno, hana budi kuja mbio na kuhesabu hatua. Kila badiliko humfunza kukunja goti kwa kiasi chake, na msuli unaovutwa ghafla kabla ya kusinyaa hutoa nguvu zaidi. Wasukuma, kwa upande wao, wana bugobogobo, ngoma ya majembe ambayo mchezaji hulirusha jembe na kulidaka bila kuupoteza mdundo. Ni ajabu kwamba somo hilo la chombo huitwa burudani, huku kuruka mahali pamoja kukiitwa mazoezi.

Ni kweli kwamba anayeanza huhitaji kurudia hadi ajue kutua kwa ncha za vidole, kisha kisigino, magoti yakilegea. Akishatua vema, mwalimu abadilishe kwanza mwendo wa kamba, kimo chake na upande wa kuijia, ndipo afikirie kuongeza idadi ya miruko.