Bukavu: Kabla ya kuuliza karate ao judo, uliza nani anafundisha

Kila mara likizo kubwa inapokaribia, wazazi wa Bukavu wanatafuta kitu cha kumpa mtoto ili asishinde barabarani. Siku hizi wengi wanazungumza juu ya michezo ya kupigana. Usalama ni haba, milango inafungwa mapema, na kijana wa Kadutu ao wa Panzi anaona heri ajue kujikinga. Na swali ni lile lile kila fasi: karate, judo ao taekwondo, ni upi unafaa kwa mtu anayeanza?

Kwa maoni yangu hilo si swali la kwanza. Anayeanza hajui bado hata kusimama vizuri. Tofauti kati ya michezo hiyo ataielewa baada ya mwaka mmoja. Lakini tofauti kati ya mwalimu mwema na mwalimu mbaya ataisikia mwilini mwake juma la kwanza.

Tuko na mfano wa mtoto wetu wenyewe. Popole Misenga alizaliwa hapa Bukavu mwaka 1992. Vita vilimtenga na jamaa yake akiwa bado mdogo, akapelekwa Kinshasa, na kule ndiko alijifunza judo. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, akatoroka timu ya taifa na kuomba ukimbizi Brazil pamoja na Yolande Mabika, naye mzaliwa wa Bukavu. Misenga alieleza waandishi wa habari kwamba nyumbani, mchezaji aliposhindwa, walimu walimfungia ndani na kumnyima chakula. Kule Brazil, mwalimu Geraldo Bernardes aliwapokea, na ilimbidi awafundishe upya kwamba mwenzako wa mazoezi si adui. Mwaka 2016 wote wawili walikuwa kati ya wachezaji 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, na Misenga alishinda pambano lake la kwanza.

Mchezo ulikuwa ule ule. Mwalimu ndiye alikuwa mwingine.

Najua watanijibu: bila ukali hakuna mpiganaji, sisi tulipigwa fimbo na tulikomaa. Sikubali. Tazameni Japani, kwenye asili ya judo. Kuanzia 1983 hadi 2010, wanafunzi zaidi ya 100 walikufa katika judo ya mashule kule, wengi kwa kuumia kichwa, na sehemu kubwa walikuwa bado wapya. Mtoto asiyejua kuanguka anatupwa chini na mkubwa, kichwa kinagonga, anaambiwa asimame aendelee. Ufaransa, ambako watoto wengi sana wanacheza judo, anayefundisha kwa malipo anadaiwa kuwa na diploma inayotambuliwa na serikali. Sisi hapa tunaangalia tu rangi ya mkanda.

Basi kabla ya kutoa franka hata moja, nenda ukae pembeni mara mbili, siku mbili tofauti. Mwalimu akikataa usitazame, rudi nyumbani, kazi imekwisha. Akikubali, usiangalie wale wanaoruka na kupiga makelele. Angalia yule mdogo kuliko wote, ao yule aliyefika jana. Nani anashughulika naye? Anafundishwa kuanguka, kulaza mkono, kukinga kichwa, ao amesukumwa moja kwa moja kupambana na wa mkanda wa kijani ili wengine wacheke? Na mtu akipiga mkono chini kuonyesha kwamba ameshindwa, je, mwenzake anamwachilia papo hapo? Mwalimu anayevumilia kuchelewa hapo, hata sekunde moja, ni wa kuepuka.

Angalia pia chini. Vikundi vingi vinafanya mazoezi kwenye uwanja wa shule ao jumba la parokia, juu ya sima. Kwa hatua za kwanza za karate hiyo si shida kubwa. Kwa judo, sima haifai hata siku moja. Udogo wa fasi si kitu: Jigoro Kano alipoanzisha Kodokan mwaka 1882 alikuwa na mikeka 12 tu ndani ya hekalu moja la Tokyo. Lakini mikeka ilikuwako.

Juu ya mabinti, nisikilizeni vizuri, wazazi. Uliza kama wako wanawake wengine kwenye kikundi, na kama yuko mtu mzima mwingine mbali na maître. Masomo ya peke yake baada ya wengine kuondoka, mlango umefungwa, msiyakubali hata kama mwalimu ni rafiki wa familia ao mtu wa kanisa. Mwalimu mwaminifu hatakasirika mkimwambia hivyo.

Mkanda nao umekuwa biashara kwa wengine. Anayekuahidi mkanda mweusi ndani ya mwaka mmoja anakuuzia kitambaa. Uliza nani anatoa daraja na kama ligi ya jimbo inamtambua mwalimu huyo. Jibu linapaswa kuwa fupi. Na anayekuambia kwamba mbinu zake zitamshinda mwizi mwenye bunduki, huyo ni hatari kuliko mwizi. Mwalimu wa kweli atakuambia mpe simu yako.

Ukiisha kupata mahali panapokupendeza, lipa mwezi mmoja tu, si mitatu. Kimono inaweza kungoja. Suruali ya spoti na shati nzito vinatosha mwanzoni, na wakubwa wa kikundi mara nyingi wako na kimono iliyokwisha kuwabana. Uliza pia mazoezi yanaisha saa ngapi. Kama ni saa kumi na mbili na nusu jioni na mtoto anapaswa kupanda mpaka Cimpunda kwa miguu, tafuta kikundi kingine kilicho karibu, hata kama mwalimu wake ana mkanda wa chini zaidi.