Tusiwafungie watoto wote mlango wa butike

Wiki iliyopita, saa sita na nusu mchana, nilisimama kwenye butike moja hapa Mikelenge kununua unite za simu. Masomo ya asubuhi yalikuwa yametoka, ya mchana hayajaingia. Wanafunzi kama kumi na tano wakaingia mara moja, wakisukumana. Huyu anauliza bei, yule anashika bomboni, wengine kelele tu. Walipotoka, pakiti mbili za biskuti hazikuwako.

Mwenye butike alikimbia nje, akamshika aliyebaki nyuma: mtoto mdogo, mgeni kwenye kartie, familia yake imekimbia vita. Akapigwa makofi mawili mbele ya watu. Walipopekua mkoba wake, walikuta daftari na kalamu. Waliochukua biskuti tunawajua, ni watoto wa avenyu yetu wenyewe. Kesho yake nikakuta karatasi mlangoni: "Wanafunzi hawaingii."

Ninamwelewa mwenye butike. Mali inafika Kindu kwa shida, kwa ndege, kwa treni inayochelewa, ao kwa barabara mbaya. Pakiti mbili zikipotea, faida ya asubuhi nzima imekwenda. Na tuseme kweli, watoto wetu wamezidi. Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi ya serikali ni ya bure. Ni jambo jema, lakini madarasa yamejaa, na saa sita barabara zinajaa watoto wasio na mkubwa wa kuwaangalia.

Lakini makofi hayarudishi biskuti. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto wa chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa mkosaji mbele ya sheria ya jinai. Kuanzia miaka 14 mpaka kabla ya 18, kesi yake ni ya tribinali ya watoto. Si ya mwenye butike, wala ya vijana wanaokaa kwenye kona. Ukimpiga mtoto wa mtu, wewe ndiye unaweza kuitwa polisi.

Kuna njia nyingine. Saa ya kutoka masomo, waingie wawili wawili, mikoba ibaki mlangoni, ao uza kwa dirisha. Ukimshika mtoto na kitu, muulize jina na masomo yake, umwite mzazi na direktere. Mzazi alipe. Nao wadirektere waweke mwalimu mmoja barabarani kwa nusu saa tu. Na sisi wazazi, mtoto akirudi na kitu ambacho hukumpa feza ya kukinunua, usinyamaze.

Kwa familia zilizokimbilia kwetu: mpelekeni mtoto kwa mwenye butike wa jirani, mumsalimie pamoja. Mtoto anayejulikana jina hashikwi ovyo. Lakini sisi wenyeji ndio tunapaswa kutangulia kuwauliza majina. Ugeni si wizi.

Yule mtoto sasa akitumwa chumvi anaipita ile butike, anakwenda mpaka sokoni. Karatasi bado iko mlangoni. Ndugu mwenye butike, wewe ni jirani yangu na unanisikia: iondoe, kisha umwite mtoto yule umwombe msamaha.